Kwenu waombezi wapya: msimpe mtu tarehe ambayo Mungu hakuitaja

Wanangu,

Jumatano iliyopita kwenye mkesha nilikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Ilikuwa yapata saa nane za usiku. Mama mmoja akasogea mbele. Mtoto wake wa kiume hajaonekana tangu vita vilipoingia hapa Goma Januari 2025. Mmoja wenu, kijana ninayempenda, aliyemaliza mafundisho ya waombezi juzi tu, akashika maikrofoni, akafumba macho, akasema: "Mama, Bwana asema, kabla mwezi huu haujaisha utamkumbatia mwanao." Kanisa zima likapasuka kwa vigelegele. Mama akaanguka magotini. Mimi mama yenu nikashika ukingo wa benchi mpaka vidole vikauma, maana maneno yale niliyajua. Niliwahi kuyasema mimi.

Tangu usiku ule usingizi umenipungukia. Nimewafundisha zamu za maombi, nimewafundisha kufunga, nimewafundisha kusimama mahali palipobomoka, na hili sikuwafundisha. Basi nawaandikia leo.

1. Kila mwombezi awe na daftari. Andika jina, haja na siku, kisha acha nafasi ya kuandika yaliyotokea. Bila daftari utaliombea jina Jumatano, Alhamisi limepotea, na Jumapili utamuuliza mtu habari za mgonjwa aliyekwisha kuzikwa. Nimeliona hilo kwenye mlango wa kanisa letu. Baba mfiwa alijibu kwa upole, "Anaendelea vizuri," ili asimwaibishe mwombezi mbele za watu. Niliuona mkono wake ukikunjakunja kofia.

2. Siri ya mtu haiendi kwenye maikrofoni. Na mgonjwa asiambiwe aache dawa: Hezekia aliombewa, akaongezewa miaka 15, na Isaya huyohuyo aliyeleta neno akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu.

3. Ahadi isomeni mahali ilipoandikwa. Yeremia 29:11 iko kila kona ya mji huu. Iko nyuma ya pikipiki, iko ubavuni mwa chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma mizigo, iko kwenye statasi za WhatsApp: mawazo ya amani wala si ya mabaya. Naupenda mstari huo. Lakini kabla hamjamsomea mtu, rudini nyuma sura moja, mkakutane na Hanania.

Hanania alikuwa nabii, na alisema hekaluni mbele ya makuhani na watu wote. Alisema nira ya mfalme wa Babeli imevunjwa, na ndani ya miaka miwili vyombo vya nyumba ya Bwana na watu waliochukuliwa mateka watarudi. Mnadhani watu hawakupiga vigelegele? Yeremia alikuwa pale, nira ya mti shingoni, na jibu lake la kwanza hunigusa kila ninapolisoma. Alisema, "Amina, Bwana na afanye hivyo." Yeye pia alitamani iwe kweli! Hanania akamvua ile nira akaivunja, na Biblia inasema Yeremia akaenda zake. Hakuwa na neno, akaondoka. Baadaye neno la Bwana lilipomjia, ndipo akarudi kumwambia Hanania kwamba hakutumwa, na kwamba anawatumainisha watu uongo.

Sasa geuzeni ukurasa. Ile barua ya Yeremia yenye mstari wenu ilikwenda kwa walewale waliokuwa mateka Babeli. Inawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuoza, wauombee amani mji waliopelekwa kwa nguvu, na wasidanganywe na manabii walio kati yao. Kisha inawaambia miaka 70. Baada ya hapo ndipo inakuja mistari ya amani na tumaini. Mtu wa miaka 40 aliyesomewa barua ile alijua kaburi lake litachimbwa Babeli. Ahadi ilikuwa ya kweli, naye alikuwa ndani yake, ila miguu itakayorudi Yerusalemu ilikuwa ya wajukuu wake. Someni na Waebrania 11:13, juu ya waliokufa katika imani bila kuzipokea ahadi, wakiziona kwa mbali na kuzishangilia.

Kwa hiyo nendeni zenu kama Yeremia, siku mnapokuwa hamna neno. Hakuna aliyewahi kufukuzwa kwenye zamu yetu kwa kunyamaza.

4. Huruma ina sauti inayofanana sana na sauti ya Bwana. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Februari 2021 mama mmoja wa mtaa wa Majengo alianza kuja kwenye zamu ya Ijumaa. Mume wake alikuwa amekwenda upande wa Walikale kuchimba kasiteri, mawe ya bati, na simu yake ilikuwa haipatikani kwa miezi. Nyumbani watoto watatu. Yeye aliuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwenye beseni ya bluu. Akifika kwenye chumba cha maombi aliiacha beseni mlangoni, ameifunika kwa kitenge, kisha anapiga magoti amegeuka nusu ili aendelee kuiona.

Ijumaa yake ya tatu mimi nilikuwa nimefunga kavu siku tatu. Alilia bila sauti, mabega tu ndiyo yaliyokuwa yakienda. Nikamwekea mikono kichwani. Nataka mjue hasa kilichotokea ndani yangu, kwa sababu ndicho kitakachotokea ndani yenu. Sikuwa natafuta sifa wala sadaka. Nilishindwa kuvumilia kilio kile, nikatamani kikome. Ndipo nikausikia mdomo wangu ukisema, "Bwana asema, mume wako atakula Pasaka nyumbani." Akanyamaza palepale. Akaniangalia, uso umefunguka. Nami nikaichukua ile amani ya usoni mwake kuwa ushahidi kwamba Mungu amesema.

Pasaka mwaka ule iliangukia tarehe 4 Aprili. Jumatatu yake nikaenda kuwasalimu. Shati jeupe la mume lilikuwa limefuliwa, limepigwa pasi ya makaa, linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Mezani kulikuwa na sahani moja iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Watoto walinikimbilia wakiuliza kama nimekuja na baba. Pale Mungu alinipa nafasi ya kusema, "Mama, nilikosea, yale yalikuwa maneno yangu." Nafasi ile niliikataa. Nikamwambia imani yake inapimwa, na kwamba Pentekoste haitapita. Kosa la Februari lilinitoka kwa udhaifu. Hili la pili nililifanya macho wazi, kulinda jina langu la mwombezi.

Pentekoste ilikuwa Jumapili tarehe 23 Mei. Jumamosi jioni, siku moja kabla, volkano yetu ya Nyiragongo ikalipuka. Mnakumbuka wenyewe: anga jekundu, lava ikishuka mpaka Buhene, watu wakivuka mpaka kukimbilia Gisenyi, Rwanda, usiku. Siku zilizofuata ardhi ilitikisika mchana na usiku, na alfajiri ya Alhamisi tarehe 27 ikatoka amri ya kuhama mitaa 10, Majengo ikiwemo. Mji ukamwagika barabarani. Mimi nilielekea Sake kwa miguu, kilomita kama 25, godoro kichwani.

Kwenye foleni ya maji kule Sake nikakutana na jirani yake. Akaniambia mama yule amebaki. Walimbembeleza akakataa kabisa. Alisema mtumishi wa Mungu alimhakikishia kwamba mume wake atafika kwa Pentekoste, sasa zimepita siku chache tu, bila shaka volkano imemchelewesha njiani, na akikuta nyumba imefungwa atadhani wamekufa wote. Amekaa na watoto watatu kwenye nyumba ambayo ukuta wake umekwisha kupasuka. Jirani alinisimulia hayo kama ushuhuda wa imani kubwa. Hakujua mtumishi mwenyewe ndiye aliyesimama mbele yake na dumu tupu mkononi.

Nilikaa Sake siku nne. Nilimwombea kwa machozi. Nilifunga. Nilimsihi Bwana azuie moto chini ya mji kwa ajili ya nyumba ile moja. Lakini kurudi kumtoa sikurudi, na pikipiki za kurudi Goma zilikuwepo, nilikuwa naziona zikipita. Niliogopa maneno ambayo ningelazimika kumwambia kuliko nilivyoogopa volkano. Maombi yangu ya Sake yalikuwa maficho. Mtu anaweza kumwombea mwenzake kwa bidii yote ili tu asiende kwake.

Bwana aliwahifadhi, yeye na watoto. Mwezi wa Agosti akatokea mwanaume mmoja kutoka machimboni na begi dogo: kadi ya mpiga kura, simu iliyokufa, mshipi. Shimo liliwaangukia Novemba 2020. Yaani siku niliyomshika kichwa na kumwambia mume wake atakula Pasaka, mimi nilikuwa namshika mjane.

Niliposikia nikaenda, mara hii bila kuitwa. Nilimweleza yote, pamoja na Sake. Alikuwa anachambua sambaza, na hakuacha kuchambua. Baada ya muda mrefu akasema, "Mama, ungeniambia tu tuombe. Ningeomba. Miezi yote ile nililala nikisikiliza viatu vya watu barabarani." Hakuongeza neno. Nikakaa chini, nikachambua naye mpaka beseni ikaisha.

Leo tunaomba pamoja, na yeye ndiye aliyeniruhusu kuwaandikia haya.

5. Kabla hujamwekea mtu mikono, muulize kama amekula. Rafiki za Ayubu walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipoketi naye chini bila kusema neno. Shida ilianza walipofungua midomo.

6. Najua baadhi yenu mkishasoma haya mtaingiwa na woga, mtaanza kuomba kwa tahadhari, "mapenzi yako yatimizwe" kabla hata haja haijatajwa. Hapana! Sikuwaita kwenye zamu mje kumwombea Mungu udhuru. Abrahamu aliiombea Sodoma kuanzia 50 mpaka 10, na Bwana hakumkemea hata mara moja. Yule mjane wa Luka 18 alimchosha kadhi. Ombeni vitu vikubwa, ombeni kwa majina, lieni. Ombeni mtoto wa mama yule arudi nyumbani akiwa hai, na mwombe mkiamini kwamba Mungu anaweza, maana anaweza. Jina lake liko kwenye daftari langu tangu Jumatano ile na kila alfajiri ninalitaja. Kuomba ni kusema na Mungu kwa niaba ya mtu, na hapo mna ruhusa yote. Kusema "Bwana asema" ni kusema na mtu kwa niaba ya Mungu, na hapo mnahitaji kutumwa. Paulo, ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, alimwandikia Timotheo kwamba Trofimo amemwacha Mileto, mgonjwa. Hakumtungia Trofimo tarehe ya kupona.

Na kama mnataka cha kuahidi, kipo tele. Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo, Zaburi 34:18. Roho hutusaidia tusipojua kuomba ipasavyo, Warumi 8:26. Kristo yu hai sikuzote ili awaombee, Waebrania 7:25. Hakuna kaburi, wala shimo la machimbo, linaloweza kututenga na upendo wake. Hizi zitamkeni hata kwa maikrofoni, hata jenereta ikizimika endeleeni, ila punguzeni sauti kwa sababu majirani wa kanisa wana watoto wachanga.

Mtu akikuuliza, "Mwanangu yuko wapi?", jibu unalo: "Mama, sijui. Mungu anajua. Nitalitaja jina lake mbele zake kila siku, na Jumamosi nitakuja kukuona." Kisha Jumamosi uende.

7. Mwisho wa mwezi bado siku tisa. Wewe uliyeshika maikrofoni, sikukuiti ili nikugombeze. Kesho saa tatu asubuhi nikukute pale tunapopandia motari, pikipiki za abiria, nyuma ya kanisa. Nimekwisha kuuliza anapokaa mama yule, ni Ndosho, ukipita soko. Tutakwenda wote wawili. Utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba tarehe ile haikutoka kwa Bwana, na mimi nitakuwa nimekaa karibu yako. Akilia tutamwacha alie. Mimi nitabeba unga na makaa, wewe beba daftari, umuulize jina lote la mtoto, alivyovaa siku ile, na alipoonekana mara ya mwisho.