Kabla ya akili mnemba, panga daftari la wapangaji

Siku hizi wenye ofisi za kusimamia nyumba hapa Mwanza wananiuliza swali moja: tununue programu gani ya akili mnemba? Kabla ya kujibu, huomba nione daftari la wapangaji.

Chukua mpangaji mmoja wa Kiseke. Kwenye mkataba yumo kwa majina yake matatu. Kwenye daftari la kodi ameandikwa "mama wa chumba cha nyuma". Pesa yake inaingia kwa simu, kwa jina la kaka yake. Msimamizi aliyezoea nyumba ile anajua wote hao ni mtu mmoja, lakini mashine haijui. Ukiiuliza nani anadaiwa, itamtaja yule mama, na kumbe alishalipa miezi sita mbele. Mpangaji mwema akidaiwa asichodaiwa, anatafuta dalali.

Kwa hiyo ipe kila nyumba namba, na kila chumba namba yake, kisha namba hiyohiyo iwe kwenye mkataba, kwenye risiti na kwenye orodha ya malipo ya simu. Tarehe ya kuanza na ya kumaliza mkataba zikae kila moja kwenye safu yake. Huku kwetu mmoja analipa miezi mitatu, mwingine mwaka mzima, kwa hiyo bila tarehe hizo hakuna kumbusho litakalofika kwa wakati.

Kitabu cha matengenezo ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote, na mimi naona ndicho chenye mali. "Fundi bomba, 30,000." Nyumba ipi? Kiliharibika nini? Kwa nyumba za milimani kama Isamilo, ambako maji hupanda kwa shida, ukiandika tarehe, namba ya nyumba, tatizo, fundi na gharama kwa mwaka mmoja tu, programu itakuonyesha pampu inayokula pesa kila mara na paa linalovuja kila masika. Mwenye nyumba akiona hivyo ataelewa kwa nini unamwomba anunue pampu mpya.

Halafu kuna siri za watu, na hapa sina mzaha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, nayo inamgusa kila anayekusanya taarifa za watu, ofisi yako ikiwemo. Nakala ya kitambulisho cha NIDA ya mpangaji isipakiwe kwenye huduma ya bure ya mtandaoni. Ondoa jina na namba ya simu, bakiza namba ya chumba. Kwa kazi nyingi hiyo inatosha.

Vilevile programu hizi huandika Kiswahili kizuri hata zinapokosea. Zinaweza kukutungia kifungu cha sheria ambacho hakipo. Barua ya kumtaka mtu ahame isitoke ofisini kabla mwanasheria hajaisoma.

Msimamizi na mhasibu waitwe mapema, maana wao ndio wanaojua daftari limekaaje, na wakihisi wanafukuzwa hawatakwambia. Anza na kazi moja, ujumbe wa kukumbusha kodi, kwa nyumba za mtaa mmoja, tuseme Buswelu. Daftari la zamani liendelee sambamba kwa miezi mitatu, na msimamizi asome kila ujumbe kabla haujatumwa.