Kura za kumwondoa mkurugenzi mnazo, funguo za kampuni anazo nani?

Mkuu, umeuliza kama wajumbe wanne kati ya watano wa bodi wakikubaliana kumwondoa mkurugenzi mtendaji, ambaye ndiye mwanzilishi wa kampuni yenu ya programu hapo Iringa, mtakuwa mmemaliza kazi. Hapana, kura ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote.

Nimekuwa katibu wa bodi ya kampuni ndogo hapa Mbeya iliyotengeneza mfumo wa mizani na malipo kwa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, za kahawa. Bodi ilikaa Ijumaa jioni, akidi ikatimia, azimio likapita. Mwenyekiti alipomaliza kulisoma, mkurugenzi alikunja karatasi yake, akachukua simu mezani, akatoka bila kuaga. Simu ile ndiyo iliyokuwa ikipokea namba za uthibitisho za benki na za seva, yaani kompyuta zinazoendesha mfumo; bila namba hizo hakuna anayeingia. Jumatatu makarani wa Mbozi wakaanza kupiga: wakulima wamepanga foleni na magunia, stakabadhi hazitoki, na msimu umepamba moto. Ikabidi waandike kwenye madaftari. Nawaonea uchungu wazee wale mpaka leo, maana ugomvi wetu haukuwahusu hata chembe. Funguo zilirudi baada ya bwana yule kulipwa malimbikizo ya mishahara aliyokuwa akidai kwa haki.

Hata wakubwa yamewakuta. Tarehe 17 Novemba 2023 bodi ya OpenAI, kampuni ya Marekani iliyotengeneza ChatGPT, ilimwondoa mkurugenzi mtendaji wake, Sam Altman, ikisema hakuwa mkweli wakati wote katika mawasiliano yake nayo. Mamlaka walikuwa nayo kamili. Microsoft, pamoja na mabilioni ya dola iliyomwaga pale, haikuwa na kiti kwenye bodi. Ila kosa lenyewe bodi haikulitaja. Wafanyakazi zaidi ya 700, kati ya takribani 770, wakatia saini barua ya kutishia kuondoka, na Microsoft ikawaahidi kazi. Hata Ilya Sutskever, mmoja wa waliomng'oa, alisaini. Wiki haikuisha Altman akarudi, na wengi wa waliomtoa wakaondoka kwenye bodi.

Wapo wanaosema basi mwanzilishi haguswi. Siwaungi mkono: bodi isiyoweza kumtoa mtendaji ni pambo. Lakini kabla ya kikao, hakikisheni akaunti ya benki ina watia saini zaidi ya mmoja, domeini (anwani ya kampuni mtandaoni) na seva viko kwa jina na laini ya kampuni, na sababu zimeandikwa kwa ushahidi ambao hata fundi mgeni akiusoma ataelewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inadai sababu halali na utaratibu wa haki; mkiruka hapo, mtakutana CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Tena kumwachisha kazi hakumtoi kwenye bodi kama naye ni mjumbe. Hilo ni la mkutano wa wanahisa. Fungua daftari la hisa kabla hujatuma mwaliko wa kikao, mkuu, kwa sababu kama ana zaidi ya nusu, ataitisha mkutano na kuwatoa nyinyi.