Shangazi Akujibu: Ikifika Tarehe 18, Fedha ya Chakula Imekwisha

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Ilomba hapa Mbeya. Mume wangu ni fundi magari. Kila tarehe 28 ananikabidhi shilingi 350,000 za chakula na vitu vya jikoni kwa mwezi mzima. Ikifika tarehe 18 sina hata mia. Hapo nakopa duka la mtaani, wananiandika kwenye daftari mpaka tarehe 28, na hela ikiingia nalipa deni kwanza maana nataka heshima yangu ibaki. Mwezi uliopita deni lilikuwa 110,000. Nimejaribu kupanga bajeti mara tatu, naandika kila kitu, wala haisaidii. Kinachoniumiza ni mume wangu kuniuliza, "Hela yote ile umeifanyia nini?" Nabaki nimeinamisha kichwa kama mwizi. Sinunui nguo, sisuki kwa hela hiyo. Vitumbua ninavyouza asubuhi ndivyo vinavyolipa mchezo wetu wa akina mama, tuko 13, kila mmoja 10,000 kwa wiki. Nimekutumia karatasi za daftari langu la mwezi mmoja. Nisaidie. Ndaga fijo.
*Mama wa Wanne, Ilomba*

Marahaba, mwanangu. Karatasi zako nimezisoma mara mbili, jioni na asubuhi, na kabla ya jambo lolote naomba unyanyue kichwa. Hujaiba kitu. Umeandika mpaka kiberiti cha mia. Nimekuwa mtunza stoo wa shule ya bweni kwa miaka 17, leja nyingi zimepita mikononi mwangu, na leja ya mtu anayeficha jambo naijua. Yako si hiyo.

Nimejumlisha kila ulichokula wewe na familia yako, cha fedha taslimu na cha mkopo, nikayaweka mafungu pamoja. Sembe kilo 40, shilingi 60,000. Mchele kilo 20, 50,000. Maharage 24,000. Mafuta 30,000. Sukari 20,000. Viazi 18,000. Nyama, dagaa na mayai 50,000. Mkaa 45,000. Nyanya, vitunguu na mboga za majani 40,000. Sabuni, chumvi, majani ya chai na vidogo vidogo 25,000. Jumla ni 362,000. Kwa watu sita huo si ufujaji hata kidogo. Ni kama shilingi 12,000 kwa siku, na umepita fungu lako kwa 12,000 tu mwezi mzima.

Sasa mbona inaisha tarehe 18? Chukua kalamu, tuhesabu pamoja. Unapokea 350,000. Siku ileile unalipa deni 110,000. Unabaki na 240,000. Gawa kwa 12,000 kwa siku, unapata siku 20. Anza kuhesabu tarehe 28, siku ya 20 inaangukia tarehe 17. Kesho yake ndiyo 18 yako. Halafu siku kumi zinazobaki unakopa, unapunguza kidogo nyama, na deni linarudi palepale kwenye 110,000. Kila mwezi unalipia ugali ulioliwa mwezi uliopita. Hiyo ndiyo sababu bajeti zako tatu zilikufa: zote ulizipanga kwa 350,000, wakati ulichokuwa nacho mkononi ni 240,000.

Hesabu hii iandike kwenye karatasi moja safi, mkae na mume wako watoto wakishalala, umwoneshe. Usianze na lawama wala machozi. Mwoneshe tu namba. Fundi magari anajua gari likivuja mafuta halisemwi kwa maneno, linainuliwa watu wachungulie chini. Akishaona deni linavyozunguka, lile swali lake litageuka kuwa la wote wawili.

Tuje kwenye dawa. Ninavyoona mimi, kosa liko kwenye kupima kila kitu kwa mwezi. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mvua ni moja, inaanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei. Mahindi yanavunwa mara moja. Mshahara ni wa mwezi, lakini gunia ni la mwaka. Ukinunua sembe kilo mbili mbili dukani Februari, unamlipa mtu aliyenunua mahindi Julai, akayahifadhi, akayasaga, akayapakia na kuyasafirisha. Wewe mwenyewe umeniandikia pembeni ya karatasi kwamba jirani yako alinunua gunia kwa 58,000 Julai mwaka jana, na Februari lilikuwa limefika 95,000. Jirani yako hakuzidi akili, alizidi wakati.

Mna mchezo wa watu 13, maana yake zamu yako ni 130,000. Zamu iliyopita, umeandika kwenye karatasi zako, ulinunua sufuria na mapazia. Sikusemi, nyumba inahitaji mapazia. Ila safari hii omba mbadilishane zamu na mwenzako ili yako iangukie Julai, mahindi yakiwa yameshakauka vizuri na soko limejaa. Nenda Igawilo au Uyole na mtu anayejua mahindi. Nunua gunia mbili. Kwa bei ya jirani yako ni 116,000, inabaki 14,000 ya guta na mifuko ya kuhifadhia.

Hakikisha yanapimwa kwenye mzani. Usikubali debe lenye kishindo cha maneno matamu, maana madebe hayafanani, lingine limebonyezwa kitako. Na kama unanunua viazi vya gunia, lumbesa ile yenye kilemba juu isikutie tamaa: sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na anayeumia kwa lumbesa kwanza ni mkulima aliyelima kule mlimani.

Gunia mbili ni kilo 200. Ukisaga dona, kwa kilo 40 za mwezi, unakula miezi mitano. Najua utaniambia watoto hawali dona. Wangu walikataa pia. Nikawa nachanganya, nusu dona nusu mahindi yaliyokobolewa, wakazoea ndani ya wiki tatu. Ukikoboa unapoteza kama sehemu moja ya tano, kwa hiyo kwa mchanganyiko huo unapata miezi minne na nusu. Pumba usiziache mashineni bure, jirani mwenye kuku atazinunua. Saga debe moja moja, usisage gunia zima, kwa sababu dona ina mafuta ya kiini na ikikaa muda mrefu inachacha, ugali unakuwa na uchungu ulimini.

Na hapa ndipo deni linapofia. Agosti hununui sembe. Fungu la 60,000 linakaa mezani. Toa 4,000 ya mashine, inabaki 56,000. Ipeleke yote dukani ikalipie deni. Septemba vivyo hivyo, 56,000 nyingine. Mara mbili ni 112,000, na deni lilikuwa 110,000. Mtazame mwenye duka machoni, umshukuru kwa sababu alikusitiri, umwombe afunge ukurasa wako. Oktoba ile 56,000, kama mahindi hayajapanda sana, nunua gunia lingine kabla watu hawajaanza kuyatafuta kwa ajili ya Krismasi. Ukishindwa kununua zima nunua nusu. Mchele wa Kyela na wa Mbarali nao hushuka bei wakati wa mavuno, ila usiukimbilie mwaka huu. Anza na mahindi, mengine yatafuata.

Kuna jambo moja kwenye karatasi zako lililonifanya nitoke nyumbani. Kila siku umeandika "maf. 500", tena mara mbili. Nikaenda duka la mtaani kwetu na chupa yangu, nikanunua mafuta ya kupima ya mia tano, nikarudi tena, na tena, siku mbili mfululizo, mara kumi. Nilikuwa namimina kwenye chupa ya lita moja iliyo kavu na safi. Mara ya kumi, nikiwa nimeshatoa 5,000, mafuta yalifika robo tatu ya chupa. Niliiweka dirishani nikaitazama. Kwa 30,000 zako za mwezi unapata lita nne na nusu. Dumu la lita tano la alizeti, siku ileile, dukani hapohapo, lilikuwa 24,000. Unatoa 6,000 zaidi ili upate nusu lita pungufu.

Lakini dumu lina hatari yake, na wengi wameliacha kwa sababu hiyo: likikaa jikoni kila mtu anamimina kama maji ya bomba, wiki mbili limekwisha. Fanya tulivyofanya stoo. Dumu likae chumbani kwako. Jikoni iwepo chupa moja ya lita moja tu. Lita tano kwa siku 30 ni lita moja kwa siku sita, basi piga mistari mitano kwa kalamu ya wino mzito, sehemu sita sawa. Binti yako mkubwa akipika, anaona mwenyewe mstari wa leo uko wapi. Hutahitaji kumgombeza. Sukari vilevile, acha kununua robo robo. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika mpaka serikali ikatoa bei elekezi, nyumba nyingi zilijifunza kunywa chai ya vijiko viwili badala ya vinne, na hakuna aliyedhoofika.

Nyanya na mboga za kila siku ziache kama zilivyo. Huwezi kuzihifadhi, na hapo umejibana vya kutosha. Viazi weka gizani, mbali na vitunguu, na kilichogeuka kijani usikipike.

Kwenye karatasi zako umeniuliza pia kuhusu wageni, wifi zako wanaotoka Rungwe, wanakaa siku nne tano. Tafadhali usipunguze mkono wako kwao. Umeandika wanakuja na mikungu ya ndizi. Basi wiki hiyo mchele usiguswe. Pika ndizi na maharage, pika na nyama kidogo, watoto wale mpaka washibe, na zile kilo tano za mchele zilizookolewa zisogezwe wiki inayofuata. Ulikuwa unapika wali kwa heshima yao huku ndizi zinaiva na kuozea kwenye kona, nimeona umeandika "ndizi nimegawa". Mgeni wa Rungwe hachukii ndizi.

Niandikie Oktoba, uniambie ukurasa wako wa dukani umefungwa. Nitasubiri barua hiyo.

Shangazi, salaam. Mimi ni mkulima wa Ilula, Iringa. Mwaka jana nilihifadhi gunia sita za mahindi ya kula nyumbani ili tusinunue unga. Novemba nafungua nakuta unga wa vumbi na punje zimetobolewa. Mke wangu sasa anasema bora tuuze yote tuwe tunanunua dukani kila mwezi. Nani yuko sahihi?
*Baba wa Ilula*

Salaam, kaka yangu. Uchungu wa mkeo naujua, lakini msiuze yote. Huyo ni dumuzi. Ni mdudu mgeni, alitokea Amerika akaonekana kwanza kwetu upande wa Tabora, zaidi ya miaka 40 iliyopita, na gunia la kawaida kwake ni mlango wazi.

Mwaka wangu wa pili stoo nilipokea mahindi ya shule kwa kuyatazama tu na kuuma punje moja. Yalikuwa na unyevu. Baada ya wiki sita yalitoa joto na harufu, yakaota ukungu, tukayafukia gunia nane kwa kuogopa sumukuvu, ile sumu ya ukungu, wakati watoto wanahitaji kula. Nililia siku ile. Tangu hapo sipokei mahindi bila chupa ya chumvi, na wewe uifanye. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa yenye kifuniko. Tia punje mpaka theluthi moja, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, ile uliyoianika juani. Funga, tikisa dakika mbili, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, rudisha kwenye turubai. Ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, yaanike siku moja zaidi, kisha yahifadhi.

Tumia mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje. Ujaze, ukamue hewa kwa mikono, funga nailoni ya ndani peke yake, kisha ya pili, kisha kiroba, kila moja kwa kamba yake. Wadudu waliomo wanamaliza hewa na kufa, huhitaji sumu. Usiweke mifuko moja kwa moja sakafuni wala kuiegemeza ukutani, na panya wakitoboa nailoni kazi yote imepotea, kwa hiyo chini pawe safi.

Gunia moja kati ya sita lifunge kwenye mifuko midogo ya kilo 50, ndilo la kuanza kula. Mengine yasifunguliwe "kuchungulia" kabla ya zamu yake. Ndivyo yalivyoharibika mengi niliyowahi kuyaona.