Sababu sita, matokeo matano, nizipange vipi?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nimepewa insha ya hoja ya sababu na matokeo, maneno 1000, nimechagua simu na kushuka kwa alama za wanafunzi. Nishapata sababu sita na matokeo matano, shida ni mpangilio, nianze na sababu zote afu matokeo au nichanganye? Kuna tempuleti nimeiona inasema sababu tatu, matokeo matatu, hitimisho.

JIBU: Marahaba. Mpangilio utakuja, kinachonitia wasiwasi ni hizo sababu sita. Kwa maneno 1000 huwezi kuthibitisha sita, utazitaja tu, na kutaja sio kujenga hoja. Baki na moja, mbili zikizidi, uzichimbe.

Sasa kosa ninalokutana nalo kila rundo la insha nikisahihisha, na linaniumiza kweli: mtu anaona B imekuja baada ya A, basi anaandika A ndo imeleta B. Kanunuliwa simu, alama zimeshuka, kesi imeisha. Haijaisha! Pengine mwanafunzi alishachoka na masomo ndo akakimbilia simu, hapo mambo yamegeuka. Au ana msongo wa mawazo, na huo ndo unamfanya ashinde kwenye simu na huo huo ndo unamfelisha.

Angalia kipindupindu cha London mwaka 1854. Watu wanasimulia kwamba Dk. John Snow, aliyekuwa anadai ugonjwa unaletwa na maji machafu, alifanya mkono wa pampu ya maji ya mtaa wa Broad Street ung'olewe tarehe 8 Septemba na ugonjwa ukaisha. Stori tamu, ila kama ushahidi ni dhaifu, manake wagonjwa walishaanza kupungua kabla ya hapo na wakazi wengi walikuwa washakimbia, Snow mwenyewe alilikubali hilo. Nguvu ya hoja yake iko kwingine. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha mtaa huo huo hawakufa, wao walikuwa wanakunywa bia na kisima chao walikuwa nacho, halafu mjane mmoja aliyekuwa anaishi mbali kule Hampstead akafa, kumbe alikuwa anayapenda maji ya pampu ile na analetewa. Wa karibu asiyekunywa kapona, wa mbali aliyekunywa kafa. Wale waliokuwa wanasingizia hewa chafu wataelezaje hapo?

Ndo unachotakiwa kutafuta. Andika mnyororo wako kwenye karatasi: simu usiku, usingizi unapungua, darasani hashiki kitu, alama zinashuka. Kila pingili ipe aya yake na ushahidi wake, na ile pingili unayoona inalegea ndo uanze kuitafutia ushahidi. Halafu aya moja nzima mpe anayekupinga, yule wa msongo wa mawazo, umjibu kwa haki. Ukienda hivi sababu na matokeo vinafuatana vyenyewe, swali lako la kwanza limeisha.

Tempuleti itupe. Inakupa vyumba sita vya kujaza, haikuulizi hata mara moja umejuaje kwamba hiki kimeleta kile. Na wanaowauzia wanafunzi insha zilizokwisha andikwa ndo wabaya zaidi, nimezisoma nyingi, zote zina "hivyo basi" na "kutokana na hayo" kila mstari lakini ukiuliza kutokana na nini hupati kitu, na aliyeinunua akiulizwa mbele ya darasa anabaki anatazama chini. Usinunue. Andika sentensi moja ya msimamo wako, yenye "kwa sababu" katikati, unitumie hiyo kwanza kabla hujagusa utangulizi.