Jibu: Gitaa la kilo 6, mbona nauli ya kilo 24?

Ndugu, umeuliza kwa nini umetajiwa nauli ya kilo 24 wakati gitaa unalomtumia mnunuzi wako, pamoja na kasha lake, havizidi kilo 6. Hujaibiwa. Kampuni za usafirishaji wa haraka hulinganisha uzito wa mzani na uzito wa ujazo, kisha zinakutoza ule mkubwa. Uzito wa ujazo unaupata hivi: chukua urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, zidisha, gawa kwa 5000 (wengine hutumia 6000, uliza kwanza). Boksi la 120 × 50 × 20 linatoa 120,000. Gawa kwa 5000, ndiyo hizo kilo 24 zako. Kwa hiyo pima boksi likiwa limeshafungwa, na tena pale lilipovimba. Ukipata lenye kimo cha sentimita 16, unashuka hadi kilo 19 na ushee.

Ila usibane mpaka kichwa cha gitaa kiguse kadibodi, shingo huvunjikia hapo hapo. Legeza nyuzi kidogo, jaza karatasi chini ya shingo.

Bima ikate kwa bei ya kuuzia, na usome masharti: ufungaji mbovu mara nyingi haulipwi. Kama mzigo unavuka mpaka, ushuru wa forodha mwachie mnunuzi, lakini mwambie kabla hajalipa.

Mimi nauli huitaja kando ya bei. Hizi habari za "usafiri bure" huwa zinamuumiza muuzaji, maana mnunuzi wa mbali na wa jirani wanalipa sawa.

Boksi lako limepimwaje? Weka vipimo hapa tukupigie hesabu.