Diski ya nakala kubadilika jina kila stima ikirudi

Ndugu wa saiba ya Mwembe Tayari, unauliza kwa nini diski yako ya nakala leo inaitwa /dev/sdb na Linux, na stima ikipotea na kurudi inakuwa /dev/sdc. Diski haina ubovu. Linux hugawa herufi hizo za mwisho (b, c) kwa mpangilio wa kuzigundua diski, na mpangilio huo hauna ahadi. Flashi ya mteja iliyosahaulika kwenye mashine inayowaka yatosha kuzisukuma.

Tegemea UUID, yaani kitambulisho cha kipekee, kwa kuwa imeandikwa ndani ya mfumo wa faili wenyewe. Andika sudo blkid, nakili UUID ya patisheni yako (sehemu ya diski yenye faili zako), si PARTUUID, ambayo ni kitambulisho cha patisheni, si cha mfumo wa faili; wengi huzichanganya. Tengeneza folda /mnt/nakala, kisha ongeza mstari huu kwenye /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski za kuunganishwa mashine ikiwaka (ext4 hapa ni aina ya mfumo wa faili):

UUID=yako /mnt/nakala ext4 defaults,nofail 0 2

Hiyo nofail usiiache kabisa. Bila yake, diski isipokuwepo mashine kwa kawaida hungoja sekunde 90, halafu hukutupa kwenye hali ya dharura, na wateja wamejaa foleni. Kabla ya kuiwasha upya, pima kwa sudo findmnt --verify, kisha sudo mount -a.

Ukinakili diski nzima kwa amri ya dd, UUID nayo hunakiliwa. Usizichomeke zote mbili pamoja, mashine haitazitofautisha, mpaka umebadilisha UUID ya moja kwa amri ya tune2fs -U random ikifuatwa na jina la patisheni.