Kivimbe cha Nyama Hakionekani kwenye Kipimo cha Choo

*Nina vivimbe vitatu mkononi na kifuani, ukubwa wa maharagwe, haviumi. Nimepimwa choo mara mbili na hakuna minyoo. Je, niko salama? — Msomaji, Kayole*

Kipimo cha choo humtafuta tegu wa nguruwe, yule mnyoo bapa mrefu, akiwa mzima utumboni, ilhali kinachoshukiwa kwako ni kiluwiluwi chake, yaani mnyoo mchanga, kilichojificha kwenye nyama ya mwili wako, na wengi wenye viluwiluwi hawana tegu tumboni hata mmoja. Omba altrasaundi ya kivimbe chenyewe. Mtaalamu akiona kifuko cha maji chenye kidoa kinachong'aa ndani, hicho kidoa ndicho kichwa cha mnyoo, na ushahidi wenye nguvu kuliko huo ni nadra kupatikana bila kisu. Viluwiluwi vilivyokufa zamani hugeuka chokaa, na kwenye eksirei huonekana kama punje za mchele zilizolala kwa kufuata nyuzi za msuli. Kipimo cha damu husaidia, lakini mwenye kivimbe kimoja, au mwenye vilivyokwisha kuwa chokaa, huweza kuambiwa hana kitu. Tena, ikiwa umewahi kuzimia, kupatwa na kifafa au kuumwa kichwa kisichoisha, mwambie daktari hilo kabla ya yote, kwa maana kiluwiluwi anayeonekana chini ya ngozi huenda ana nduguze ubongoni, na huko hutafutwa kwa skani.

*Mimi sili nguruwe kabisa. Nitaupataje ugonjwa huu? — Umoja*

Swali hili limenichosha. Nyama mbichi ya nguruwe humpa mtu tegu wa tumboni. Vivimbe huletwa na mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu huyo, yakafika kinywani kwa mikono, maji au mboga isiyooshwa vizuri.

*Na nyama ya ng'ombe? — Githurai*

Tegu wake haleti vivimbe hivi kwa binadamu.

*Duka la dawa limeniuzia prazikwanteli. Nimeze? — Kawangware*

Usimeze kwanza. Dawa hii ikiwaua viluwiluwi walioko ubongoni, sehemu inayowazunguka huvimba na degedege huweza kuanza palepale, na aliye nao jichoni huweza kupoteza uoni. Dawa za minyoo zimezoeleka kununuliwa jijini kama peremende, bila mtu kuuliza mnyoo yuko wapi.

*Nimetoka Lodwar. Nina uvimbe ubavuni kama chungwa, na kliniki inataka kuufyonza kwa sindano. — Eastleigh*

Kataa, mpaka altrasaundi ifanywe. Kwenu Turkana kunajulikana tangu zamani kwa haidatidi, ugonjwa wa vifuko vya maji mwilini unaotokana na tegu wa mbwa, na kifuko chake kikitobolewa kiholela, maji yake huweza kuleta mzio wa kuua na kupanda vifuko vipya mwilini. Vifuko vidogo vikionekana ndani ya kikubwa, jibu limeshapatikana.

*Daktari alikikata kivimbe, akanionyesha kitu cheupe juu ya shashi, akakitupa. Je, kilikuwa mnyoo? — Dagoretti*

Huenda. Kingetiwa kwenye chupa ya fomalini, dawa ya kuzuia kisioze, yenye jina lako na mahali kilipotolewa, mwanapatholojia, daktari anayechunguza vipande vya mwili, angekikata vipande vyembamba akatafuta vinyonyeo vinne na kulabu za kichwa. Utepe mweupe usio na kifuko cha maji ungemfanya ashuku sparganosisi, ambayo ni ugonjwa mwingine, wa kiluwiluwi cha tegu wa aina nyingine. Vivimbe vyako vilivyobaki vipigwe altrasaundi, na kikitolewa kingine, dai chupa kabla kisu hakijaingia.